Bakuli Lisilokataa

Alhamisi, 14 Julai. Mwezi mpevu.

Kwa masikitiko makubwa ndugu, jamaa na marafiki wote, wa milimani na wa pwani, wanatangaziwa kifo cha kandambili ya kushoto ya Bwana Muthubanda, mpishi wa nyumba ya wageni kule Haputale, kilichotokea leo asubuhi kwenye ngazi za Hekalu la Diyagala. Marehemu alikuwa amevuliwa kwa heshima, kama inavyotakiwa mtu anapoingia hekaluni, akatafunwa na mbwa mwenye jicho moja. Ameacha mjane mmoja, wa mguu wa kulia. Maziko hayatakuwepo kwa kuwa mwili umeliwa.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya siku. Habari ndogo ni kwamba nimefika. Nyumba yetu ya wageni imeezuliwa bati kwa matengenezo hadi mwisho wa mwaka, na mpishi asiye na jiko ni mzigo kwa mkewe. Mke wangu kanipakia kwenye basi la mahujaji, akaniambia nikamsalimie mdogo wangu na nisiwe na haraka ya kurudi.

Mdogo wangu ndiye mtawa wa hapa, Mtukufu Revata. Aliletwa huku angali mtoto, kwa mjomba wetu aliyekuwa mtawa wa hekalu hili, na tangu mjomba afariki yuko peke yake juu ya mwamba huu, bahari ikimtemea mate kutoka pande tatu. Nilipiga magoti mbele yake na kuinama, kama inavyonipasa, ingawa huyu ni mtu niliyekuwa nikimfuta kamasi. Tumbo langu lilifika sakafuni kabla ya paji la uso.

"Umenenepa, kaka," alisema.

"Nawe umekonda, Mtukufu. Tungechanganywa kwenye sufuria moja tukapakuliwa upya, wangetoka watu wawili wazuri."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nimemletea asali ya mtende wa kwetu milimani, chupa tele, nzito na nyeusi. Amezipokea kwa mikono miwili. Nitakaa siku mbili.

Ijumaa, 15 Julai

Kijiji chote kimepanda mwamba na majani ya tambuu kumwomba Mtukufu atulie hapa miezi mitatu ya Vas, kipindi cha mvua ambacho watawa hukaa mahali pamoja. Amekubali. Kuanzia leo hadi mwezi mpevu wa Oktoba hatalala nje ya hekalu hili. Akitimiza, watamtolea vazi la Kathina, linalokatwa, kushonwa, kutiwa rangi na kukabidhiwa kabla siku haijaisha. Akivunja, hakuna vazi, na thawabu kubwa kuliko zote za mwaka imewapita.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Weerakkody, mwenye kinu cha usumba, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Thawabu ya vazi la mwaka huu wataituma kwa wale waliochukuliwa siku bahari ilipopanda nchi kavu. Aliposema hivyo hata wakohozi waliacha kukohoa.

Jumanne, 19 Julai

Sijaondoka. Nasingizia mvua. Ukweli ni kwamba chakula cha hapa kimenishika mguu.

Kila nyumba ina siku yake ya kumlisha Mtukufu. Mtawa hali kitu baada ya saa sita mchana, kwa hiyo upendo wote wa kijiji lazima uingie tumboni kabla ya hapo. Wali uliopikwa kwa tui zito, maandazi ya unga wa mchele yanayovuja asali, sukari guru kwa vipande vya ukubwa wa ngumi. Kinachobaki ni changu. Simlaumu mtu.

Jumanne ni siku ya Mama Yasawathi, msokota kamba za usumba, mwembamba kama kamba zake. Alinikuta mlangoni.

"Wewe ndiye yule kaka mpishi?"

"Ndiye, mama."

"Mbona sijakuona hata na mwiko?"

"Niko likizo, mama."

"Naona. Na likizo yenyewe imeanzia tumboni."

Alileta mtindi wa nyati kwenye chungu, akaumwagia asali mpaka ukazama, akakaa chini viganja vimekutana, akamtazama Mtukufu mpaka kijiko kilipokwangua udongo. Hapo ndipo alipoinua birika na kumimina maji kwenye kikombe, polepole, mpaka yakafurika, Mtukufu akisoma maneno ya kuituma thawabu kwa Pasindu. Pasindu ni mwanawe. Alikuwa na miaka tisa. Bahari haikumrudisha.

"Alikuwa akila mtindi anaota masharubu meupe," aliniambia akifunga chungu, uso umechangamka kana kwamba ametoka kumwona.

Mama mwema. Nimemwambia wiki ijayo atumie asali yangu ya milimani, ni bora kuliko ya minazi yao. Kaudhika kidogo, lakini kaichukua.

Jumamosi, 23 Julai

Bahari imepiga kelele kutwa kucha. Watu wa huku wanasema hawaisikii. Ni waongo.

Jumatano, 3 Agosti

Leo Mtukufu alialikwa kula nyumbani kwa Mwenyekiti, na heshima ya kumnawisha miguu mlangoni nikapewa mimi, mgeni. Nilichuchumaa na beseni, nikijikaza magoti yasilie mbele za watu.

Chini ya unyayo wa kushoto, karibu na kidole cha mwisho, kulikuwa na kipande cha gamba la chaza kimezama ndani ya nyama. Ukingoni nyama ilikuwa rangi ya biringanya iliyosahaulika sokoni.

"Inauma sana?" nilinong'ona.

"Nini?" aliuliza.

Hakujua. Alikuwa ametembea na gamba hilo siku nyingi, na hakujua.

Nilikitoa kwa kucha. Hakushtuka. Kisha akapita juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, na kila mguu wa kushoto ulipokanyaga uliacha alama ya unyevu, ya manjano yenye wekundu. Sebule nzima iliona. Mke wa Mwenyekiti alikikunja kile kitambaa, akakigusisha kwenye paji la uso, akakiweka kabatini.  Nami nilitoka kumwaga maji ya beseni.

Chakula kilipopakuliwa, kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikitazama kama mpishi badala ya kukitazama kama mlafi. Sikuweza kula. Waliniuliza kama ninaumwa.

Alhamisi, 4 Agosti

Daktari wa zahanati, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, alipanda mwamba mwenyewe. Alimtoboa Mtukufu kidole, akatia damu kwenye mashine, akaitazama, akaitikisa, akarudia.

"Mashine imekataa kuandika namba," alisema. "Imeandika tu kwamba ni juu. Juu sana. Hiki ni kisukari, Mtukufu, na si cha jana."

Ametuachia vidonge na bendeji. Asile kitamu tena. Kidonda kisafishwe kila siku, na kikianza kuwa cheusi apelekwe hospitali ya mjini siku hiyohiyo.

Alipoondoka nilifunga mlango.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka jana."

"Na asali yangu ukaipokea kwa mikono miwili!"

"Ilikuwa tamu, kaka."

"Usinifanyie mzaha. Kwa nini huwaambii?"

Mguu wake ulikuwa mapajani mwangu, mimi nikifunga bendeji vibaya.

"Bakuli halikatai," alisema. "Mtu anayechagua sadaka si mtawa, ni mteja wa hoteli. Wateja wa hoteli unawajua wewe."

"Wateja wa hoteli wanapona."

"Na nikiurudisha mtindi wa Yasawathi, nimemrudishia nani? Yeye haniletei mimi ule mtindi."

 Nimekaa nikiwaza zile chupa zangu. Nilizibeba mapajani safari nzima zisije zikavunjika.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimepindua serikali ya jikoni. Karela, lile tango chungu, mchele mwekundu, dengu, uji wa majani. Wanawake wamesimama dirishani wakininunia.

"Karela kwa Mtukufu?" alisema mmoja. "Hata mfungwa hapewi hivyo."

"Mnyonge wetu," alisema mwingine. "Ana ndugu mkatili."

Mtukufu alikula yote. Alipomaliza alisema karela yangu inamkumbusha mafundisho kuhusu mateso.

Alhamisi, 11 Agosti

Kila nyumba inaleta chakula chake hata hivyo. Siku yao ni siku yao. Nakitoa huku, wanakirudishia kule.

Jumanne, 16 Agosti

Nilimzuia Mama Yasawathi mlangoni. Niliona ni bora niseme mwenyewe, nisimwachie Mtukufu.

"Mama, leo tuache mtindi. Mtukufu anaumwa kisukari. Daktari amekataza."

"Daktari yupi? Kale katoto?"

"Hakohako. Lete dengu, nitamwambia asome vilevile, thawabu itafika vilevile."

"Pasindu hakula dengu hata siku moja."

"Mama, sukari inamwua!"

"Na wewe ni nani," alisema, sauti iko chini kabisa, "wa kumfungia mwanangu mlango?"

Alikwenda akakaa kwenye ngazi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutoka baharini, yenye chumvi. Alikiinamia chungu kukikinga kwa mwili wake. Saa zilikwenda. Nilichungulia, nikarudi, nikachungulia. Ilipokaribia saa sita nilisikia mlango wa nyuma, na huyo ndugu yangu, anachechemea bila mwavuli. Alikaa ngazini mbele yake, mvua inamtiririka kichwani, akaula ule mtindi hadi chini. Yule mama alimimina maji. Kikombe kilikuwa kimeshajaa mvua.

Nimeandika hapa nisije nikasahau: leo nimemchukia yule mwanamke. Na ndugu yangu pia simsemeshi.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimemsemesha. Mwenyewe ndiye aliyeanza, kwa kuniomba msamaha wa kuniudhi. Mtu akikuomba msamaha ukiwa umemshika mguu huwezi kuendelea kununa.

Jumatano, 31 Agosti

Kidonda kimekauka pembeni. Daktari amesema hajui kwa nini, lakini anafurahi. Nimecheza kidogo jikoni. Sufuria moja imepata kibonyeo.

Jumapili, 11 Septemba. Mwezi mpevu tena.

Kidole cha mwisho kimekuwa cheusi.

Daktari hakukaa. Alisema amesimama kwa sababu akikaa atalia. "Leo. Leo hii, Mtukufu. Wakikata kidole sasa, mguu utabaki. Utalazwa wiki tatu, labda nne."

"Ninaruhusiwa kutoka siku saba," alisema Mtukufu. "Zikipita, Vas imevunjika."

"Kanuni hizo zilitungwa na nani?"

"Na mtu aliyekuwa na huruma kuliko sisi sote, binti yangu. Lakini hakutaja wiki nne."

Jioni nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilijiandaa kugombana. Mpaka maneno ya matusi nilikuwa nimeyapanga njiani, mazuri kabisa. Alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho, macho yake kwenye meza.

"Mwezi mmoja tu umebaki, Bwana Muthubanda."

"Mguu hauna mwezi mmoja."

"Tumwite mganga wa mitishamba. Tumletee dawa zote. Kila kitu, ila asitoke."

"Tafuteni mtawa mwingine wa kupokea vazi lenu!"

"Anayepokea ni yule aliyekaa Vas hapahapa. Wewe unajua." Akainua macho. "Mke wangu wa kwanza yumo kwenye lile vazi. Na mama yangu. Na mtoto ambaye hatukumpa jina. Unafikiri mimi sikuona kile kitambaa? Ninalifungua kabati kila siku nakitazama. Kama yeye mwenyewe akisema anakwenda, mimi nitambeba mgongoni. Lakini nisimwambie nenda. Usinitake niseme hivyo."

Nilikunywa chai yake. Matusi yangu nilirudi nayo.

Alhamisi, 15 Septemba

Mganga amekuja. Majani. Harufu.

Jumanne, 20 Septemba

Mtindi. Kaula.

Jumapili, 25 Septemba

Basi la watalii limesimama. Mtukufu alikuwa amekaa juu ya mwamba, uso kuelekea baharini, mguu umefichwa ndani ya joho. Walimpiga picha wakapanga mstari. Bibi mmoja alimwambia mwongozaji, naye akanitafsiria kwa fahari, kwamba katika safari zake zote hajapata kuona uso wenye amani namna ile.

Ilikuwa homa.

Hata mimi nilikuja hapa kama wao. Siku mbili, ngazi, bahari, kupiga goti, kula, kuondoka na hadithi ya mbwa. Ningeondoka ile siku ya pili ningekuwa nawasimulia wenzangu jikoni jinsi mdogo wangu alivyo mtulivu.

Jumanne, 27 Septemba

Mama Yasawathi alikuja mikono mitupu. Nilidhani amesahau chungu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha Mtukufu, akavuta pumzi puani, akatoka akanifuata jikoni.

"Ile harufu," alisema.

"Ni majani ya mganga."

"Usinidanganye, kaka mpishi. Bahari iliporudi kwake nilitembea siku nyingi nikifunua watu. Harufu hiyo naijua kabla haijafika puani."

Akachukua kisu changu bila ruhusa, akaanza kumenya karela. Anamenya vibaya sana, anatupa nusu.  Alipofika karela ya tatu akasema, "Mwache Pasindu akae na njaa kidogo. Atanielewa. Huyu bado yuko."

Sijui kama niliwahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu kuliko ile, kuyasema maneno hayo huku akimenya karela.

Jumatatu, 3 Oktoba

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Jana jioni Mtukufu aliniita. Vidole vitatu sasa. Kuna mstari mwekundu umepanda hadi kwenye kifundo.

"Kaka, nipeleke," alisema. "Nimechoka. Nilidhani ni imani, kumbe kuna kiburi humu ndani. Nipeleke."

Nilikimbia, mimi na mwili huu, hadi kwa Mama Yasawathi, na asubuhi akaja na bajaji ya mpwa wake, amekaa mbele kama askari. Tulimshusha Mtukufu ngazi zote, mimi kwapa hili, mpwa kwapa lile, mama akitembea mbele akiondoa mawe, kwa kuwa mwanamke hamgusi mtawa. Tulimketisha. Nilikaa pembeni yake nimekumbatia mfuko wake wenye bakuli na wembe.

Chini ya mwamba, njia ilikuwa imejaa watu.

Hawakuja kuzuia. Nataka hili lieleweke. Walisikia Mtukufu anaondoka, wakaja kumuaga, na mtawa huwezi kumuaga umesimama. Walipiga magoti. Mmoja mbele ya bajaji, kisha wawili, kisha njia nzima, vipaji vya uso vimegusa lami, watoto wameinamishwa na mama zao. Kulikuwa na wazee ambao hawawezi kuinuka bila kuinuliwa. Hakuna aliyesema usiende. Wengi walikuwa wanalia. Mwenyekiti alikuwa amelala kifudifudi kama wengine, shati lake jeupe limeloa matope.

"Piga honi," nilimwambia dereva.

"Nimpigie bibi yangu honi?" alisema.

Mama Yasawathi aliruka chini. "Ondokeni njiani! Mnamwabudu au mnamzika? Inukeni, nyie! Weerakkody, mwondoe mama yako mkwe!" Alimshika bibi mmoja mkono akamvuta, bibi akadhani anasaidiwa, akambariki, akainama tena pembeni yake. Alivuta wa pili. Yule wa kwanza alikuwa amerudi katikati.

Nilimtazama ndugu yangu. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, na midomo yake inataja majina. Nikaelewa kwamba hayakuwa majina ya waliopiga magoti. Yalikuwa majina ya watu wao.

"Siku nane tu, kaka," alisema.

"Usishuke."

"Siku nane."

"Mtukufu, usishuke. Nakuomba. Mdogo wangu, usishuke."

Alishuka. Ule mguu wa kidonda ulikanyaga matope mbele ya macho ya wote, na kelele waliyopiga ilikuwa kelele ya furaha. Mwenyekiti alikuja kumbeba mgongoni, kama alivyoniahidi, ila upande mwingine: juu, kurudi hekaluni.

Nilibaki ndani ya bajaji na mfuko. Mama Yasawathi alikaa barabarani.

Jumatano, 5 Oktoba

Radi mchana kutwa. Hatambui ninachomwambia.

Alhamisi, 6 Oktoba

Leo hakuulizwa. Mwenyekiti mwenyewe kaleta gari lake, uso umekwisha. Njia ilikuwa wazi, hakuna mtu hata mmoja. Tumeondoka.

Jumatano, 12 Oktoba

Tumemchoma ufukweni. Jana ulikuwa mwezi mpevu, Vas imekwisha, Kathina haipo. Kile kitambaa kilichonunuliwa kwa ajili ya vazi kimetandazwa juu ya jeneza na kutolewa kwa watawa waliokuja. Moshi ulikwenda baharini.

Jumamosi, 15 Oktoba

Kesho napanda basi. Kabla sijaondoka niandike kilichotokea, kwa sababu kilichosemwa mazikoni ni kingine.

Mwenyekiti alisema, na redio ya mji ikarudia, kwamba Mtukufu Revata alifariki ameketi, mgongo umenyooka, kwamba siku mbili za mwisho hakutaka chakula wala maji, kwamba neno lake la mwisho lilikuwa baraka kwa kijiji cha Diyagala. Watu walilia wakafarijika. Simwiti mwongo. Hakuwepo, na mtu akiwa hana kitu cha kuwapa watu anawapa hicho. Mimi nilikuwepo.

Hakuketi. Mguu ulikatwa juu ya goti Ijumaa asubuhi, na alilala chali kwenye kitanda cha katikati ya wodi, pembeni yake mzee wa pikipiki aliyevunjika nyonga na kutukana kila dakika. Daktari alinivuta kando akaniambia sumu imeshaingia kwenye damu, walikata wamechelewa. Hakunificha, namshukuru.

Hakubariki kijiji. Alilia. Alilia kwa sauti kwa ajili ya mguu, akinilaumu kwamba ninaukalia, niondoke, na mguu haukuwepo. Alimwita mama yetu. Mara moja alisema, macho makavu kabisa, akili zake zote zimo, "Kaka, niliogopa kuwaudhi. Hakuna zaidi ya hapo. Watasema mengine. Niliogopa tu kuwaudhi." Nilimwambia anyamaze apumzike.

Jua lilipokuwa linazama harufu ya chakula cha wagonjwa ikaingia wodini, na akageuza kichwa.

"Nina njaa," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Tangu utotoni huyu mtu hajatia punje mdomoni baada ya saa sita mchana. Nilimwambia, "Mtukufu, ni jioni."

"Najua ni jioni. Nina njaa. Nimekuwa na njaa kila jioni, kaka. Kila jioni."

Nilishuka hadi jiko la hospitali. Nilimwambia mpishi wa pale kwamba mimi ni mwenzake, nina mgonjwa, anipe kona ya moto. Alinitazama tumbo akaamini. Nikachemsha viazi, nikaviponda kwa chumvi na kitunguu na pilipili manga, vile mama alivyokuwa akitupa kwenye baridi ya kwetu, sote wawili kwenye sahani moja. Nikapanda navyo. Mzee wa nyonga aliona joho la njano, akaona sahani, akaona dirisha linaingia giza. Akageukia ukutani, na kwa mara ya kwanza akaacha kutukana.

Nilimlisha kwa vidole. Alikula polepole, amefumba macho. Nilidhani atachukua tonge moja. Alimaliza sahani, akaniuliza kama kuna zaidi, na hakukuwa na zaidi, kwa sababu sikumwamini nikapika kidogo. Nilikwangua pembeni nikampa ya kwenye kijiko.

Alikufa alfajiri. Sikumwona akifa. Nilikuwa nimesinzia kitini, mdomo wazi, naambiwa nilikuwa nakoroma.

Hayo sijamwambia Mwenyekiti, wala mke wangu sitamwambia. Nimemwambia mtu mmoja. Leo asubuhi nilikwenda kumuaga Mama Yasawathi kibandani kwake, yuko na gurudumu lake la kamba, na maneno yakanitoka yote hadi ile sahani. Niliogopa atanifukuza, kwa kuwa nimemvunjisha mtawa kanuni yake mlangoni mwa kifo.

Hakusimamisha gurudumu. Kamba ilizidi kurefuka mikononi mwake.

"Alishiba?" aliuliza.

"Hapana, mama. Aliomba zaidi."

Hapo ndipo alipolia.